Kutoka glass hadi vitriol: mwongozo kamili wa ukoo wa maneno ya kioo katika Kiingereza

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natafsiri hadithi ya mabaharia. Nahodha anatazama ukutani, anakunja uso, kisha anasema: "The glass is falling." Nikaandika bila kusita kwamba glasi inaanguka. Aliyepitia kazi yangu aliacha swali moja pembeni: inaanguka kutoka wapi, na mbona hakuna anayeidaka?

Hapakuwa na glasi yoyote. Nahodha alikuwa akisoma baromita, kifaa cha kupima mgandamizo wa hewa, ambacho enzi zile kilikuwa mrija wa kioo wenye zebaki. Zebaki ikishuka, tufani iko njiani. Neno "glass" nililijua tangu shule ya msingi, na hilo ndilo lililoniponza, kwa sababu nilidhani ni neno moja. Kumbe ni ukoo mzima, wenye wajomba Walatini, mashangazi Wagiriki na wapangaji wachache waliojipachika jina la familia bila undugu wowote. Ukijifunza maneno haya kama orodha utayasahau. Ukiyajifunza kama ukoo, kila moja litakukumbusha jingine. Chukua daftari, twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Lipasue neno "glass" mara tatu

Kiswahili kimetuzoesha raha. Kitu kinachotokana na mchanga ulioyeyushwa ni kioo, cha kunywea ni glasi au bilauri, cha kuvaa machoni ni miwani. Kiingereza kinavibeba vyote kwa neno moja, na tofauti inaonekana katika vidude vidogo vinavyolizunguka: "a" ya mbele, "of" ya katikati na "-es" ya mwisho.

Bila "a" na bila wingi, "glass" ni malighafi, kama tunavyosema mchanga au maji. Ikipata "a", mara nyingi ni chombo cha kunywea. Ikipata "-es", ni vyombo kadhaa au ni miwani. Linganisha sentensi hizi mbili: "There is glass on the floor" na "There is a glass on the floor". Ya kwanza inakuambia uvae viatu kabla hujapita, kuna vigae. Ya pili inakuambia kuna glasi imewekwa chini, iokote usije ukaipiga teke. Herufi moja tu imekuokoa na jeraha.

Kwa kuwa malighafi haihesabiki, ukitaka kuihesabu lazima uazime neno la msaada. "A piece of glass" ni kipande chochote. "A pane of glass" ni kioo kimoja kilichokatwa kwa ajili ya dirisha. "A sheet of glass" ni bapa kubwa ambalo bado halijakatwa. "A shard of glass" ni kigae chenye ncha. Anayesema "two glass" hueleweka, lakini hapo hapo anajulikana kuwa ni mgeni wa lugha.

Kwenye vinywaji, angalia "of". "A glass of water" ni maji yaliyomo ndani ya glasi. "A water glass" ni glasi ya maji, na huenda haina hata tone. Ukikutana na "water glass" katika kitabu cha kemia, si chombo wala kinywaji: ni silikati ya sodiamu, dutu inayoyeyuka katika maji na kukauka kama kioo, ambayo zamani watu walihifadhia mayai yasioze.

Miwani daima huenda na wingi: "my glasses are broken", kamwe si "is". Ukitaka umoja, sema "a pair of glasses", na hapo kitenzi kinarudi kwenye "is" kwa sababu kinafuata "pair". Jicho moja la miwani ni "a lens". Na ukisema "I wear glass", umesema unavaa kioo kama shanga.

Matumizi ya zamani yana hila zaidi, maana huko "glass" peke yake inaweza kuwa kioo cha kujitazamia, darubini, baromita, au chombo cha mchanga cha kupimia muda. Mabaharia walikuwa na kile cha nusu saa, na kila kilipokwisha walikigeuza na kupiga kengele. Kanuni ninayoitumia tangu aibu ile ya nahodha ni hii: usiulize "glass" ni nini, uliza mtu anaifanyia nini. Anainywea, anaivaa, anajitazama, anatazama mbali, anaisoma hali ya hewa, au anahesabu muda? Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, katika 1 Wakorintho 13:12, inasema tunaona "through a glass", na wasomaji wengi wa leo, hata Waingereza wenyewe, hudhani ni dirisha lenye vumbi. Ni kioo cha kujitazamia. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hapati shida hiyo, kwa kuwa neno letu "kioo" bado linabeba maana zote mbili.

Hatua ya 2: Maneno ambatani yasome kuanzia nyuma

Sisi tunatanguliza kitu, kisha sifa yake: mlango wa kioo. Mwingereza anaanza na sifa, kitu kinakuja mwisho. Kwa hiyo ukiona maneno mawili yameungana, anza na la nyuma. "Glass door" ni aina ya mlango. "Wine glass" ni aina ya glasi. "Window glass" ni kioo cha kutiwa dirishani, ilhali "glass window" ni dirisha zima. "Glass eye" ni jicho la bandia. "Eyeglass" ni lenzi ya kusaidia jicho.

"Glass" ikiwa nyuma, neno la mbele kwa kawaida hutaja kazi yake. "Looking glass" ni kioo cha kujitazamia, "magnifying glass" ni lenzi ya kukuzia, "spyglass" ni darubini ndogo ya mkononi, "hourglass" ni kile chombo cha mchanga chenye kiuno chembamba, na kutoka hapo mwanamke mwenye kiuno cha nyigu akaitwa mwenye "hourglass figure". Kuhusu "looking glass" kuna kichekesho: katikati ya karne ya 20, mwanaisimu Alan Ross aliorodhesha maneno yaliyotofautisha matabaka huko Uingereza, na hilo likawa neno la mabwanyenye huku "mirror" likiachiwa wengine. Leo "mirror" imeshinda kila mahali, kwa hiyo usihangaike kujifanya bwanyenye.

Ikiwa mbele, "glass" hutaja kitu kimetengenezwa kwa nini. Angalizo moja: "glass house" kwa maneno mawili ni nyumba ya vioo, lakini "glasshouse" kwa neno moja ni banda la vioo la kuoteshea mimea. Katika matamshi, la kwanza linakazwa kwenye "house", la pili kwenye "glass". Wanajeshi wa Uingereza nao wana "glasshouse" yao, na hiyo ni jela ya kijeshi. Jina lilitokana na gereza la Aldershot lililokuwa na paa la vioo. Askari akikuambia ametoka "glasshouse", usimuulize kuhusu nyanya.

"Fibreglass" ni kioo kilichovutwa kuwa nyuzi. Waingereza huandika "fibre", Wamarekani "fiber". Ukiiona ikiandikwa Fiberglas kwa "s" moja, si kosa la chapa: ni jina la biashara lililosajiliwa. Plexiglas nayo ni hivyo hivyo, na juu ya hayo si kioo hata kidogo, ni plastiki ya akriliki inayoiga kioo. "Glasspaper" ni msasa, kwa sababu uliwahi kutengenezwa kwa unga wa kioo uliogandishwa juu ya karatasi.

Hatua ya 3: Glass, glassy, glazed, vitreous

Hapa ndipo hata wanafunzi wazuri huteleza, kwa hiyo tutakaa kidogo. Kiingereza kina sifa nne ambazo sisi tungezieleza kwa "-a kioo" au "kama kioo", na hazibadilishani nafasi.

"Glass" kama sifa humaanisha kitu kimetengenezwa kwa kioo. "Glassy" humaanisha kinafanana na kioo. "A glassy sea" ni bahari shwari isiyo na kunyanzi. "Glassy eyes" ni macho yaliyokodoka bila uhai, ya mgonjwa wa homa au mlevi. Tofauti ni hii: mwenye "a glass eye" amelinunua, mwenye "glassy eyes" apelekwe kwa daktari.

"Glazed" inatoka kwenye kitenzi "glaze", na kitenzi hicho kina siri ya sarufi ya kale. Kiingereza kilikuwa na mtindo wa kugeuza nomino kuwa kitenzi kwa kuilainisha konsonanti ya mwisho: sauti ya "s" inakuwa "z". "Grass" ni nyasi, "graze" ni kula nyasi. "House" nomino inaishia kwa "s", kitenzi chake kinatamkwa kwa "z" ingawa tahajia haibadiliki. Vivyo hivyo "glass" ikazaa "glaze", yaani kutia vioo. Ukiijua kanuni hii, "glazier" inajifungua yenyewe: ni fundi wa kutia vioo. Tamka "gleizia", usitamke "glasia". Na "double glazing" ni dirisha lenye vioo viwili vilivyoachiana nafasi katikati, ili joto na kelele visipite kirahisi.

Kutoka dirishani kitenzi kilihamia kwa mfinyanzi. Ule ung'avu wa juu ya bakuli au kigae cha sakafuni unaitwa "glaze", na hiyo si tashbihi: ni kioo halisi kilichoyeyukia juu ya udongo ndani ya tanuri. Baadaye kikahamia jikoni, kwa utandaji wa sukari unaong'arisha keki, na kwa wachoraji, kwa rangi nyepesi inayopakwa juu ya nyingine. Mwishowe kikafika usoni. "His eyes glazed over" humaanisha mtu bado anakutazama lakini akili imeshaondoka. Kila mwalimu anaijua sura hiyo.

Kwa hiyo "a glass door" ni mlango wa kioo kitupu, na "a glazed door" ni mlango, wa mbao tuseme, uliotiwa vioo. Mafundi wa ujenzi hawachanganyi, na mkataba wa kazi ukichanganya, atakayelipia ni mteja.

"Vitreous" ndiyo ya kitaalamu. Utaikuta kwenye katalogi ya masinki, "vitreous china", na kwenye vitabu vya tiba. Maana yake ni "ya asili ya kioo", lakini hakuna mtu anayesema "a vitreous door". Kwa nini kitu kimoja kina sifa ya mtaani na sifa ya maabara? Jibu liko hatua ya 5.

Kuhusu matamshi: kusini mwa Uingereza "glass" ina "a" ndefu, karibu na "glaas" yetu, Marekani na kaskazini mwa Uingereza "a" ni fupi, ya Wamarekani ikiwa ni ile ya "cat". Chagua moja uishi nayo.

Hatua ya 4: Fuata mwanga wa gl-

Neno "glass" katika Kiingereza cha kale lilikuwa "glæs", na linarudi nyuma hadi kwenye mzizi wa lugha ya kale sana iliyozaa lugha nyingi za Ulaya, Uajemi na India. Mzizi huo ulihusu kung'aa, na rangi za kung'aa kama njano na kijani. Kabla hata ya kioo kuenea kwao, makabila ya Kigermaniki, ukoo wa lugha uliozaa Kiingereza na Kijerumani, walikuwa na neno la aina hii kwa kitu kingine: mwanahistoria wa Roma, Tacitus, akiandika mwaka 98, anasema watu wa pwani ya Baltiki waliita kaharabu, utomvu wa miti wa kale uliogeuka kuwa kama jiwe, "glesum". Yaani jina lilikuwa la kitu kinachong'aa na kupenyeza mwanga, na kioo kilipokuja kikalirithi.

Mzizi huo huo ulizaa "gold", dhahabu, na "yellow", njano. Kwa njia ya Kigiriki ulizaa "khloros", kijani-manjano, ambamo mkemia Humphry Davy alichukua jina la gesi ya klorini mwaka 1810. Kwa njia hiyo hiyo ulizaa jina la nyongo, "khole", na ndiyo maana "melancholy", huzuni, ukiipasua inamaanisha nyongo nyeusi. Hata "glad", kufurahi, zamani ilimaanisha kung'aa. Hili halihitaji maelezo kwa Mswahili. Na sisi husema uso wake uling'aa alipopata habari.

Sasa faida ya vitendo. Kiingereza kina kundi la vitenzi vya mwanga vinavyoanza na gl-, na kamusi nyingi huvitafsiri vyote kwa "ng'aa". Usikubali. Sisi wenyewe tuna meta, metameta, meremeta na memeteka, na mshairi hawezi kutumia moja mahali pa jingine. Vitenganishe hivi:

"Glitter" ni kumetameta kwa vipande vingi vidogo, kama vito au nyota. "Glisten" ni kung'aa kwa kitu chenye unyevu: jasho, umande, macho yenye machozi. "Glint" ni mmweko mmoja wa ghafla, hasa wa chuma. Kisu hu-"glint", na jicho la mjanja pia. "Gleam" ni mng'ao uliotulia wa kitu kilichosuguliwa vizuri. "Glow" ni mwanga wenye joto usio na mwali, kama kaa la moto. "Glimmer" ni mwanga hafifu unaokaribia kuzimika, ndiyo sababu "a glimmer of hope" ni tumaini dogo. "Glare" ni mwanga mkali unaoumiza macho, na mtu akiku-"glare", anakukazia macho ya hasira.

Mimi huanza kwa kujiuliza: kitu ni kibichi, ni cha chuma, kina joto, au ni vingi vidogo vidogo? Jibu hunipa kitenzi.

Hatua ya 5: Mjomba Mlatini, vitrum

Kiingereza kiliyapata maneno yake ya nyumbani kutoka upande wa Kigermaniki na maneno ya ofisini, hospitalini na maabara kutoka Kilatini, mara nyingi kikipitia Kifaransa. Kioo kwa Kilatini ni "vitrum". Kwa hiyo ukiona neno geni lenye "vitr-", anza kwa kudhani kuna kioo ndani, au kitu kinachofanana nacho.

"In vitro" ni "ndani ya kioo": jaribio lililofanyika kwenye chombo cha maabara badala ya kwenye mwili wa kiumbe hai, ambako ni "in vivo". Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani aliyetungishwa nje ya tumbo, alizaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978, na magazeti yakambandika jina la mtoto wa mrija wa maabara. Kwa kweli utungishaji ulifanyika kwenye kisahani. Jina lilibaki.

"Vitrify" ina "-ify", kiambishi cha kufanya kitu kiwe, kama "purify" ni kufanya safi. Basi ni kugeuza kuwa kioo. Taka kali za nyuklia huchanganywa na kioo kilichoyeyuka, zikamiminwa kwenye mapipa ya chuma cha pua na kuganda humo. Katika kliniki za uzazi, "vitrification" ni kugandisha yai au kiinitete kwa kasi kubwa kiasi kwamba barafu haipati nafasi ya kujipanga kuwa fuwele, yaani chembe zilizopangwa kwa utaratibu, na kuchana seli. Hakuna mchanga wala tanuri hapo. Kilichobaki ni wazo la kuganda bila fuwele, na hilo ndilo hasa wanafizikia wanaloita kioo.

"Vitrine" ni kabati la vioo la maonyesho. "Verglas", kutoka Kifaransa, ni utando mwembamba wa barafu juu ya mwamba, unaoogopwa na wapanda milima. Sehemu yake ya kwanza ni "verre", kioo, mtoto wa "vitrum".

Ninayempenda zaidi ni "vitriol". Wakemia wa kale waliona chumvi fulani za metali zinang'aa kama vioo, wakaziita "vitriol". "Blue vitriol" unaifahamu: ni mrututu. Kutoka kwenye chumvi za aina hii walipata kimiminika kikali kinachounguza, wakakiita mafuta ya "vitriol". Leo ni asidi ya salfuriki. Kutoka hapo neno likaingia katika siasa na magomvi: maneno ya "vitriol", au hotuba "vitriolic", ni yale yanayounguza kama tindikali. Tazama safari hiyo: kioo, chumvi, asidi, matusi. Anayelikariri bila safari yake atalisahau wiki ijayo.

Hatua ya 6: Shangazi Mgiriki, hyal-

Huyu ni mpole na hujitokeza hasa kwenye tiba. "Hyalos" ni kioo kwa Kigiriki. "Hyaline cartilage" ni gegedu lenye mwonekano wa kioo kwenye viungo. Na ile "hyaluronic acid" inayotangazwa kwenye vipodozi? Karl Meyer na John Palmer waliitenga mwaka 1934 kutoka kwenye ute wa jicho la ng'ombe, ule uitwao "vitreous humour". Kwa hiyo Mlatini na Mgiriki walikutana ndani ya jicho moja, na krimu ya uso ikapata jina la kioo.

Hatua ya 7: Majirani na karakana

Maneno mengine hayatokani na "glass" lakini yanaishi naye, na historia zao husaidia kumbukumbu. "Window" ni neno la Waskandinavia wa kale, "jicho la upepo", kwa kuwa lilikuwa tundu kabla halijapata kioo. "Pane" inatoka kwenye neno la Kilatini la kitambaa. "Mirror" inatoka kwenye kushangaa, ndugu wa "miracle". "Lens" ni Kilatini cha dengu. Itazame lenzi kwa upande uone kama si punje ya dengu. "Tumbler", glasi isiyo na mguu, inatokana na kuanguka: za kwanza zilikuwa na kitako cha mviringo, huwezi kuiweka mezani mpaka umalize.

"Crystal" kwa Kigiriki ilikuwa barafu. Madukani "crystal" ni kioo kizito chenye madini ya risasi, ambacho George Ravenscroft alikipatia hataza huko Uingereza mwaka 1674. Mwanafizikia hucheka akisikia "crystal glass", maana fuwele ni atomi zilizopangwa na kioo ni atomi zilizovurugika. Ni kama kusema mduara wa mraba. Na bilauri yetu? Imetujia kutoka neno la Kiarabu la fuwele, la ukoo mmoja na "beryl" ya Kiingereza na "Brille", miwani kwa Kijerumani. Mswahili anayenywea bilauri na Mjerumani anayevaa "Brille" wametumia neno la babu mmoja.

Karakanani yatosha kujua machache: "gaffer" ni fundi mkuu wa kupuliza kioo, "cullet" ni vigae vya kuyeyushwa upya, "anneal" ni kupoza kioo taratibu kisipasuke, na "float glass" ni kioo bapa kinachotandazwa juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, mbinu ya Alastair Pilkington iliyotangazwa mwaka 1959.

Hatua ya 8: Fukuza waliojipenyeza

"Isinglass" haina kioo. Ni gundi safi itokanayo na kibofu cha hewa cha samaki, na jina ni la Kiholanzi, lililopindishwa na masikio ya Waingereza likafanana na "glass". "Glacier", mto wa barafu, inatoka kwenye Kilatini cha barafu. "Glossary" inatoka kwenye Kigiriki cha ulimi. Ila "gloss" ya mng'ao ni neno jingine lenye tahajia ile ile, hivyo hapo soma sentensi nzima. "Glasnost" ni Kirusi, inatoka kwenye sauti. Jiji la Glasgow lina "glas" ya Kikelti, rangi ya kijani. Na "vitamin" inaanza na "vita", uhai: haina ile "r" ya "vitr-". Hiyo "r" ndiyo kitambulisho, iangalie daima.

Hatua ya 9: Misemo

Usitafsiri neno kwa neno. Methali ya wakaao nyumba za vioo kutorusha mawe inakaribiana na nyani haoni kundule. "Rose-tinted glasses" ni kuona mambo mazuri kuliko yalivyo. "A glass jaw" ni taya la bondia asiyehimili konde. "Glass ceiling", dari ya kioo, ni kizuizi kisichoonekana kinachomzuia mwanamke kupanda cheo. Marilyn Loden aliutumia msemo huo kwenye mjadala huko New York mwaka 1978. Kwa nini kioo? Kwa sababu unawaona walio juu, ila hupiti. Na jihadhari na kitenzi "to glass": Uingereza ni kumpiga mtu usoni kwa glasi, Marekani kwa wawindaji ni kutazama porini kwa darubini.

Hatua ya 10: Daftari na jaribio

Gawa daftari kurasa nne: gl-, vitr-, hyal-, na waliojipenyeza. Kila neno jipya liandike na jambo moja tu la kulikumbukia, mrututu kwa "vitriol", dengu kwa "lens". Usiandike tafsiri mpaka uwe umeandika sentensi.

Kisha jipime. "The glazier peered over his glasses at the old glass." Hapa kuna fundi wa vioo, miwani yake, na kioo kikuukuu; kama umeweka glasi mahali popote, rudi hatua ya 1. "Her speech was vitriolic, and half the room glazed over." Hotuba iliunguza, na nusu ya waliokuwamo hawakuisikia tena. Ya mwisho ni yangu na nahodha: "The sea was glassy, but the glass was falling." Bahari ilikuwa shwari kama kioo, lakini baromita ilikuwa inashuka.